"ITAENDELEA": neno lililowalisha waandishi wa hadithi za kutisha Bongo

Miaka ya 1980 Bongo ilikuwa ngumu, hata karatasi ilikuwa shida. Ila vijana wa Dar hawakusubiri wachapishaji wakubwa: wengine walijichapishia vijitabu vyembamba, wakavitembeza wenyewe mtaani.

Miaka ya 1990 yakaja magazeti ya watu binafsi. Humo hadithi za majini, wachawi na makaburi zikapata nyumba. Kila toleo kipande kimoja, jini limeshika kitasa cha mlango, halafu unakutana na neno lile: ITAENDELEA. Presha juu! Wiki ijayo lazima ununue tena. Tatizo, hela ya gazeti ilikuwa ya mwenye gazeti.

M-Pesa ilipoingia nchini 2008, kisha Facebook na WhatsApp zikashika kasi, mchezo ukageuka. Mwandishi anaanza kumwaga vipande vya bure, akifika pale jini linapobisha hodi, anakata. Anayetaka mzigo kamili anatuma buku, anaunganishwa kwenye grupu. Hakuna mhariri, hakuna duka, hela inatua kwa mwandishi mwenyewe.

Lakini simu hiyohiyo ndiyo inamuua. Zamani kijitabu kiliazimwa mkono kwa mkono, kikabaki kimoja. Leo mmoja akilipia, dakika moja tu anarusha kwenye magrupu, mia wanasoma kitonga.

Ndiyo maana hadithi nyingine zinaishia njiani. Jini halijashinda, ni mwandishi kaenda kutafuta hela ya kula.

Wewe mdau, ya mwisho kusoma uliilipia au ulirushiwa?