Kuoga Msitu, kwa Ruhusa ya Nani?

Mwaka jana marafiki zangu wa Nairobi walinialika Karura kwenye kitu wanachokiita kuoga msitu. Hakuna maji, hakuna sabuni. Unazima simu, unatembea polepole, unagusa magome ya miti, unasikiliza ndege, unavuta pumzi. Baada ya saa mbili hivi unarudi nyumbani ukiwa mwepesi. Si uongo, nilijihisi vizuri.

Nilipompigia ayeyo huko Garissa kumpa stori, alicheka sana. "Kuoga bila maji? Si hiyo ni tayamamu?" Halafu akanyamaza kidogo, akaniuliza: "Na askari hawakuwauliza mnafanya nini huko ndani?"

Swali hilo limenikaa kichwani mpaka leo.

Zoezi hili lina jina la Kijapani, shinrin-yoku, lililotolewa mwaka 1982 na idara ya misitu ya Japani. Sayansi ilifuata baadaye. Watafiti wa huko walipima watu kabla na baada ya kutembea msituni, wakaona shinikizo la damu linashuka, na kotisoli, ile homoni ya msongo, inapungua. Marekani nako, mwaka 1984, Roger Ulrich alichapisha utafiti kuhusu wagonjwa waliopasuliwa kibofu cha nyongo. Waliolazwa mahali ambapo dirisha lilitazama miti walitoka hospitalini mapema, na walihitaji dawa kali za maumivu mara chache kuliko wenzao waliotazama ukuta wa matofali.

Mtu wa Garissa hahitaji kushawishiwa sana. Kwetu jua la saa saba halina mchezo, na kivuli ni mali. Mji umejaa miarobaini, mti uliopewa jina kwa imani kwamba unatibu maradhi arobaini. Chini yake wazee huamua kesi, akina mama huuza chai, na mgonjwa hutandikiwa mkeka apate hewa. Kando ya mto Tana kuna mikoma na migunga, na ukisogea huko jioni unahisi joto limekuachilia. Wafugaji wetu waliishi na miti: nyumba ilijengwa kwa matawi, na chombo cha maziwa kilifukizwa kwa moshi wa kuni zilizochaguliwa. Hakuna aliyeiita tiba. Yalikuwa maisha tu.

Sasa, kwa nini ayeyo aliuliza kuhusu askari?

Mwaka 1902 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kufunga maeneo ya pembezoni, na Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ikafungwa. Mgeni hakuingia bila kibali. Sheria nyingine ya mwaka 1934 iliwapa watawala nguvu zaidi za kuzifungia jamii ndani ya mipaka ya malisho. Yaani kutembea tu porini na ngamia wako kungeweza kuwa kosa. Uhuru ulipokuja, tulipumua majuma mawili. Tarehe 28 Desemba 1963 hali ya hatari ilitangazwa, na vita vya Shifta viliendelea hadi 1967. Wafugaji walikusanywa kwenye vijiji vyenye ulinzi na wengi wakapoteza mifugo yao. Nao utawala wa hali ya hatari haukuondolewa mpaka 1991.

Kisha ikaja Novemba 1980. Baada ya maafisa wa serikali kuuawa mjini Garissa, vikosi vya usalama viliteketeza mtaa wa Bulla Kartasi, na watu wakakusanywa kwenye uwanja wa shule, juani, kwa siku kadhaa bila chakula wala maji. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyaandika mauaji hayo kwenye ripoti yake ya 2013. Miaka miwili kabla Wajapani hawajaambiwa waende msituni kutuliza moyo, watu wa Garissa walikuwa wamenyimwa hata kivuli.

Kusini mwa kaunti, kwenye msitu wa Boni, kuna habari nyingine. Waaweer waliishi humo kwa kuwinda na kurina asali, wakimfuata ndege anayewaongoza hadi walipo nyuki. Wakati wa vita vya Shifta waliondolewa msituni na kuwekwa vijijini kando ya barabara. Mwaka 1976 hifadhi ya taifa ya Boni ikatangazwa, na mwaka uliofuata uwindaji ukapigwa marufuku nchi nzima. Halafu Aprili 2015 magaidi waliwaua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, na Septemba ya mwaka huohuo operesheni ya kijeshi ikaanza Boni dhidi ya wapiganaji waliojificha humo. Watu waliojua kila njia ya msitu wakawa hawawezi kuingia kuchukua asali. Wapiganaji huku, askari kule.

Ndiyo maana kwetu neno "msituni" lina sauti mbaya. Ukisema fulani ametoka msituni, hakuna anayefikiria kotisoli.

Sisemi utafiti ni uongo. Nasema wale waliopimwa Japani waliingia msituni bila kuogopa kukamatwa wala kukanyaga bomu. Mwili ulio kwenye tahadhari haupumziki, hata ukiwekwa chini ya mti mzuri kiasi gani. Hata Karura si zawadi ya bure. Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa na kujeruhiwa wakiutetea msitu huo usigawiwe wajenzi. Sisi tulioenda pale kuvuta pumzi tulikuwa tunatumia haki iliyolipiwa kwa damu.

Na kwetu pia wapo wanaodai haki hiyo kimyakimya. Nje kidogo ya mji wa Garissa, huko Bour-Algi, wanakijiji wanawalinda twiga kwenye ardhi yao wenyewe. Kule Ishaqbini, jamii ilianzisha hifadhi mwaka 2007 kumwokoa hirola, swala aliye karibu kutoweka duniani.

Likizo iliyopita nilimpeleka ayeyo Bour-Algi. Simu sikuzima, maana alitaka picha. Tulikaa chini ya mgunga, twiga wakila majani mbali kidogo. Baada ya muda nikaona ameacha kugeuka kuangalia barabarani. Alivua viatu, akanyoosha miguu, akalala usingizi.