Gari la Moshi la Bububu

Sisi watu wa Lulimba hatuna reli. Mwenye kutaka kuona gari la moshi hana budi kushika njia ya kusini mpaka Kalemie, mahali ambapo reli ya kutoka Kabalo ilifika ziwani mwaka 1915. Basi labda mtatuuliza: Kwa nini kutuandikia habari za stesheni ya Unguja, mbali hivyo, tena iliyokwisha kufa? Jibu letu ni fupi. Kiswahili tusemacho kilikuja na misafara ya pembe iliyotoka pwani, ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa. Habari za Unguja kwetu ni kama habari za nyumba ya mjomba.

Wengi hudhani kwamba reli ya kwanza katika Afrika ya Mashariki ni ile ya Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1896. Sivyo. Mwaka 1879 Sultani Barghash alitandika reli kutoka jumba lake la mjini mpaka Chukwani, mwendo wa maili 7 hivi. Mwanzo mabehewa yalikokotwa na nyumbu. Mwaka 1881 akaagiza Uingereza gari dogo la moshi. Lakini ilikuwa reli ya mtu mmoja na watu wa nyumba yake. Sultani alipofariki mwaka 1888, reli nayo ikang'olewa.

Reli ya Bububu ilikuwa na tabia nyingine. Iliwekwa na kampuni ya Kiamerika, Arnold Cheney, mwaka 1905. Ilianzia mjini karibu na Ngome Kongwe, ikapita katika njia nyembamba katikati ya nyumba, kisha ikafuata pwani upande wa kaskazini mpaka kijiji cha Bububu, maili 7 pia. Hebu fikirini chombo cha moto, chenye moshi na kelele, kikipita mbele ya mlango wa mtu! Wageni walioshuka melini walikuwa na behewa lao la daraja la kwanza, wapate kutembezwa shambani. Lakini walioitumia zaidi ni wenyeji wenyewe, wa mjini na wa mashamba. Hapo ndipo tunapoipenda reli hii kuliko ile ya Sultani.

Kuna jambo moja tusiloweza kuliacha. Husemwa mara nyingi kwamba kijiji kiliitwa Bububu kwa sababu ya mlio wa gari: bu-bu-bu! Ni hadithi tamu, na watoto huipenda. Lakini Binti Salme, dada yake Barghash, aliyeondoka Unguja mwaka 1866, alikuwa amekaa Bububu kabla ya kuondoka, naye akaitaja kwa jina hilo hilo katika kitabu chake kilichotolewa mwaka 1886. Gari lilikuwa halijaja bado. Kumbe kijiji ni mzee kuliko gari! Si haki mashine iliyokaa miaka michache kuwanyang'anya watu jina walilopewa na wazee wao. Hata huku kwetu tumesikia majina ya vijiji yakielezwa hivyo hivyo na wapita njia, na wazee wakinyamaza tu.

Mwaka 1911 serikali iliitwaa reli ile. Lakini magari ya petroli yalikuwa yanaongezeka, na barabara iliendelea kutengenezwa. Nayo motokaa humshusha mtu anapotaka, haimlazimishi kwenda stesheni. Mwaka 1922 abiria wakakatazwa. Gari halikufa siku ile; likapewa kazi ya kuchukua mawe ya kujengea bandari. Chombo kilichowabeba wageni wa meli kikaishia kubeba mawe ya gati la meli nyingine, kwa miaka michache, kisha kikanyamaza kabisa.

Leo anayetoka mjini kwenda Bububu hupanda daladala. Njiani kondakta hulitaja jina la kijiji kwa sauti kubwa.