Mizani ya Vitanga na Mawe Yake

Mizani ya aina hii ilitumiwa na wafanyabiashara wa Unguja katika karne ya 19. Bidhaa iliwekwa kwenye kitanga kimoja, mawe ya mizani kwenye cha pili.

Wakia 16 = ratili 1
Ratili 3 = mani 1
Mani 12 = frasila 1 (kama kilo 16)

Wakia ilikaribia uzito wa riale moja ya fedha ya Maria Theresa, yaani gramu 28. Pembe za ndovu na karafuu ziliuzwa kwa frasila. Mpagazi wa msafara kutoka bara alibeba kama frasila mbili.

Majina haya yalisafiri na biashara. Waarabu walisema *uqiyya*, *ratl*, *mann* na *farsala*. Wareno waliita frasila *faraçola*, na Ethiopia kahawa hupimwa kwa *feresula*. Jina lilifanana, lakini uzito ulitofautiana bandari hadi bandari, hivyo mnunuzi aliuliza kwanza: frasila ya wapi?

Siku hizi sokoni hupimwa kwa kilo. Mizani hii imehifadhiwa ili vipimo vya zamani visisahaulike.

Tafadhali usiguse vitanga wala mawe.