Papa Mdogo, Papa wa Kitovu

Ngalawa inapopanda dikoni asubuhi na ukauliza imeleta nini, mara nyingi utajibiwa: "Papa wadogo." Mchuuzi ataridhika na jibu hilo, maana anachotaka kujua ni uzito na bei. Mimi siridhiki. Chini ya neno "mdogo" wamelazwa samaki wa namna mbili wasiofanana hata kidogo, na lugha iliyo fundi wa kutaja kila uzi na kila fundo la uvuvi inaweza kuwatenganisha bila taabu.

Ufundi huo tuusikilize kwanza. Anayemfuata papa kwa chombo kidogo hasemi "wavu" akanyamaza. Ana jarife, wavu wa macho mapana utegwao kwa papa, taa na samaki wengine wakubwa. Matundu ya wavu huitwa macho, na macho hayo ndiyo huamua nani apite na nani abaki. Ana mshipi wa mkono, wenye chubwi la kuuzamisha na kipande cha waya karibu na ndoana, kwa kuwa uzi mtupu hukatwa kwa meno. Ana dhulumati, ambayo wengine huitamka zulumati: kamba ndefu yenye ndoana nyingi zinazoning'inia kwa vigwe vifupi, huku na huku imeshikwa kwa nanga na boya. Ajuaye Kiarabu husikia giza ndani ya neno hilo, na kazi yenyewe inaafikiana nalo, maana mara nyingi dhulumati hutegwa jioni, ikalala baharini, ikavutwa alfajiri.

Ngalawa haina nafasi ya kushindana na papa mkubwa. Mwenye urefu wa mkono au wa kimo cha mtoto hupigwa rungu moja la kichwa na kuingizwa chomboni, safari ikaendelea. Hapohapo hupasuliwa tumbo na kuachwa avuje damu, na haraka hiyo ina sababu. Samaki wote wana shombo, ila papa ana la ziada. Mwilini mwake mna yurea nyingi, inayomwezesha kuishi katika maji ya chumvi bila kukaushwa nayo; akishakufa, bakteria huigeuza kuwa amonia, ile harufu kali ipandayo puani. Wapishi wa pwani walijua la kufanya kabla ya maabara kulieleza: osha sana, tia ndimu au ukwaju, usimlaze mbichi. Asiyeliwa siku hiyo hutiwa chumvi na kuanikwa. Akikauka Mombasa humwita ng'onda, jina wanalopewa pia samaki wengine waliokaushwa kwa chumvi. Kwingine husema papa mkavu, basi. Biashara yake ni ya kale. Majahazi yaliyoshuka na kaskazi kutoka Uarabuni yalileta tende, chumvi na papa wakavu, yakarudi na kusi yamesheheni boriti. Jikoni huloweshwa, huchemshwa, huchambuliwa, hukaangwa kwa vitunguu na bizari, kisha hukolezwa kwa kasimile, lile tui zito la mkamuo wa kwanza. Ukimla kwa muhogo utaelewa kwa nini bahari ile ilivukwa naye mara nyingi hivyo.

Neno nilipendalo kupita yote katika shughuli hii ni sifa. Vijana wengi hulijua kwa maana ya kusifiwa tu, lakini sifa ni mafuta ya maini ya papa, na kwa miaka mingi ndiyo yaliyotunza vyombo vya pwani hii. Papa hana kibofu cha hewa kama samaki wengi wengine. Ini lake kubwa, lililojaa mafuta mepesi kuliko maji, ndilo linalompunguzia uzito asizame. Mafuta hayo yakichemshwa na kukusanywa hupakwa mbao za ubavuni, zisinywe maji wala kupasuka juani. Chini ya mstari wa maji hupakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na mafuta, kuwazuia wadudu watoboao mbao. Kwa hiyo kile kilichomwelesha papa kiliishia kwenye ubavu wa chombo kinachoelea. Boti za faiba hazihitaji sifa, na kadiri zinavyoongezeka neno linakosa kazi. Nalililia neno hili kwa dhati, kwa sababu ndani yake mna maarifa kamili ya mnyama na ya chombo, na likitoka vinywani halitarudishwa na kamusi peke yake.

Nirudi kwa "mdogo".

Yuko papa ambaye wataalamu humwita Rhizoprionodon acutus. India watu wameamini kwamba nyama yake humwongezea maziwa mama anayenyonyesha, na ndiyo maana katika lugha kadhaa ameitwa papa wa maziwa. Huyu ni mdogo wa maumbile. Hupevuka kabla ya kutimiza mita 1, hubeba mimba kwa karibu mwaka, huzaa mtoto mmoja hadi 8. Ukimvua akiwa na sentimita 85, umemvua mtu mzima, pengine aliyekwishazaa.

Karibu naye kwenye jarife lilelile analala pingusi, yule mwenye kichwa cha nyundo. Pingusi wa aina ya kawaida katika maji yetu, Sphyrna lewini, huzaliwa akiwa na sentimita 40 hadi 55 hivi. Hukua akapita mita 3, na jike hazai mpaka avuke mita 2, baada ya miaka mingi. Majike huja kuzalia kwenye ghuba na midomo ya mito, penye maji ya kina kifupi na ya tope, ambako ndiko ngalawa zifikako. Kwa hiyo pingusi wa urefu wa mkono ni mtoto, tena wa juzijuzi. Dikoni wote wawili huwekwa fungu moja, wakaitwa kwa jina moja. Na jarife haliwapi nafasi ya kuachiwa, maana papa wa namna hizi hupumua kwa kuogelea; akinaswa asiweze kwenda, hukosa hewa.

Jina likikosea huweza kumficha mnyama. Papa upanga, mwenye pua ya msumeno, kwa wanasayansi ni taa, kwani nafasi za mashavu yake ziko chini ya mwili na si ubavuni. Kosa hilo halikumdhuru. Kilichomdhuru ni nyavu, na leo wavuvi vijana wengi wanalo jina lake tu. Sitaki pingusi afuate njia hiyo. Tangu mwaka 2014 biashara yake ya kimataifa iko chini ya masharti ya mkataba wa CITES, na tangu Novemba 2023 imeongezwa jamii yote ya Carcharhinidae, ambamo yumo yule wa maziwa. Lakini mkataba hausimamii mchuzi wa Kipini wala wa Nungwi. Huko kinachotawala ni macho ya wavu, na maneno ya watu.

Maneno tunayo. Aliyekomaa ni mpevu, hata akiwa mfupi. Kwa mtoto nilifikiria "papa mchanga", lakini baharini itasikika kama papa wa mchangani. Bora zaidi ni papa wa kitovu. Watoto wa papa hawa hulelewa tumboni kwa kondo la nyuma na uzi wa kitovu, na wakizaliwa huwa na kovu katikati ya mapezi ya kifuani, bichi kwa wiki chache. Linaonekana kwa macho ya kawaida, na mvuvi anayevua kwa mshipi huweza kuliona samaki akiwa hai bado na kumrudisha majini.

Nayaomba mabaraza ya Kiswahili, BAKITA na BAKIZA, yatume watu madikoni, wayakusanye maneno haya kwa wavuvi wenyewe, sifa ikiwa ya kwanza. Nawe mnunuzi, ukiitiwa papa mdogo, mgeuze tumbo juu na uulize: ni mpevu, au ni wa kitovu? Akiwa wa kitovu, usimnunue.