Pembetatu au Mpandeshatu? Historia Fupi ya Lugha ya Jiometri Nchini Rwanda

Somo la jiometri katika shule ya sekondari lina masharti yake, nayo ni ya kale. Mwanafunzi hutakiwa aje na rula, bikari na kipimapembe. Achore kwa usafi. Na kila anachodai akitolee sababu. Sharti hili la tatu tumelirithi kutoka kwa Euclid, Mgiriki aliyeandika yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, na ndilo gumu kuliko yote, kwa kuwa halitimizwi kwa bikari bali kwa lugha. Makala haya yananuia kuonyesha jinsi lugha hiyo ilivyobadilishwa mara kwa mara nchini Rwanda, na gharama yake kwa mwanafunzi.

Wakati wa utawala wa Wabelgiji, elimu ya sekondari ilitolewa kwa Kifaransa. Mfano mashuhuri ni Groupe Scolaire ya Astrida, mji unaoitwa leo Huye, iliyoanzishwa mwaka 1929. Baada ya uhuru wa 1962 Kifaransa kiliendelea kutawala sekondari, ingawa mageuzi ya elimu ya mwaka 1979 yaliifanya shule ya msingi nzima ifundishe kwa Kinyarwanda. Kufuatia mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, Wanyarwanda wengi walirejea kutoka uhamishoni, kila kundi na lugha ya shule lilikosomea. Kiingereza kikawa lugha rasmi mwaka 1996, na wanafunzi wakasoma ama kwa Kifaransa ama kwa Kiingereza. Oktoba 2008 Baraza la Mawaziri liliamua kwamba Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia. Mwaka 2011 madarasa matatu ya mwanzo yalirudishiwa Kinyarwanda, na mwaka 2019 ikatangazwa kwamba Kiingereza kianze tangu darasa la kwanza.

Mabadiliko haya yanaweza kukutana mezani mwa nyumba moja. Tuchukue mfano wa familia ya mtaa wa Kabeza, katika sekta ya Kanombe, wilaya ya Kicukiro, karibu na uwanja wa ndege wa Kigali. Baba alisomea Kampala kwa Kiingereza. Mama alisomea Bujumbura kwa Kifaransa. Mtoto akiuliza kanuni ya Thales, mama atamweleza jinsi mistari sambamba inavyokata mistari mingine kwa uwiano, kwani ndivyo jina hilo lilivyo katika shule za Kifaransa. Baba atamweleza kuhusu pembe mraba iliyomo ndani ya nusu duara, kwani vitabu vingi vya Kiingereza hutumia jina lilelile kwa kanuni hiyo nyingine. Wote wawili wako sahihi, lakini mtoto anaondoka na daftari tupu.

Ikumbukwe kwamba mtoto huyo hakuingia darasani bila maneno. Kinyarwanda huiita pembetatu *mpandeshatu*, yaani yenye pande tatu, na pembe huitwa *inguni*. Kiswahili kimehesabu pembe. Kinyarwanda kimehesabu pande, kwa neno ambalo ni ndugu wa *upande* wetu. Umbo ni lilelile, ila kila lugha imelitazama kutoka mahali pake. Mwalimu anayeuliza darasa lake kwa nini umbo lenye pande tatu ni lazima liwe na pembe tatu tayari amefungua mlango wa uthibitisho, na hajatumia hata neno moja la kigeni.

Ndugu zetu wa Tanzania wana uzoefu unaotufaa. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi zote za serikali. Istilahi kama mstatili, msambamba, kipenyo, pembe butu na pembetatu pacha zikazoeleka kwa watoto wa mjini na wa shamba. Lakini mtoto huyo akifika kidato cha kwanza hulazimika kuyajifunza upya maumbo anayoyajua, kwa Kiingereza. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kipande hadi sekondari. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Hivyo basi, tatizo halikuwa uhaba wa istilahi.

Kwa mtazamo wetu, sera ya lugha hubeba pia sera ya mawazo. Mwanafunzi asiyeimudu lugha ya somo bado anaweza kuchora na kupima, na hata kukariri kanuni, ila atakwama pale anapoambiwa atoe sababu. Atapata sifuri katika jambo ambalo pengine analielewa, na mwalimu atamwona mzito wa hesabu. Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Huyu anaijua, ila amenyimwa njia ya kuisema.

Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda. Hatudai kwamba kichukue nafasi ya Kiingereza katika mtihani. Tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, wanafunzi wetu wanaokwenda mazoezi ya kufundisha washirikiane na wenzao wa hisabati kuandaa faharasa ya jiometri kwa Kinyarwanda, Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa, itundikwe ukutani darasani. Pili, mwanafunzi aruhusiwe kutoa sababu yake kwanza kwa lugha anayoimudu, kisha aiandike kwa lugha ya mtihani. Rula na bikari anazo tayari. Kilichobaki ni kumrudishia ulimi wake.