Marufuku Kulala Ndani ya Gari

Tangazo lilibandikwa getini Jumatatu asubuhi. Karatasi ndani ya plastiki, herufi kubwa za kalamu nyekundu: MARUFUKU KULALA NDANI YA GARI. KWA AMRI. Amri ya nani, halikusema. Linabandikwa, mimi niko ndani ya gari, nimejilaza, nasikia mtu akikata selotepu kwa meno.

Yadi yenyewe iko Ngara. Mchana watu huegesha hapo wakienda tauni; usiku ni mahali pa matatu kupumzika. Nimeishi humo miezi saba, ndani ya RAV4 kuukuu ya mjomba wangu, ambaye alienda kazini Qatar akaniambia nimtunzie gari. Sidhani alimaanisha hivi.

Jinsi nilivyofika hapo si hadithi ndefu. Niliacha chuo mwaka wa tatu, deni la karo likiwa limenizidi kimo. Nikaanza kuandikia watu insha mtandaoni kwa malipo. Kazi ikakauka. Kodi ya bedsita ikalala miezi miwili, na msimamizi wa ploti akaweka kufuli yake juu ya yangu. Siku aliponifungulia nichukue vitu vyangu, vyote viliingia kwenye buti na nafasi ikabaki.

Wacha nikwambie inavyofanyika, maana kila anayejua huuliza. Kiti cha nyuma nakikunja. Godoro la inchi tatu nililikata kwa kisu cha jikoni hadi likaingia katikati ya magurudumu. Nalala kimshazari kwa sababu urefu wangu na upana wa gari havielewani. Leso mbili ndizo pazia. Dirisha moja huachwa wazi upana wa kidole, la sivyo pumzi yako inageuka maji na kukudondokea usoni saa kumi alfajiri. Choo ni cha kituo cha petroli, kuoga ni kwa kulipia, na simu huchajiwa kwa kibanda cha mama mmoja wa chai ambaye hajawahi kuniuliza swali. Kitu kigumu si baridi. Ni kusikia hatua za mtu gizani na kungoja ujue kama zitapita ama zitasimama.

Kuna mzaha ndani ya jina la gari hili. Toyota walipolizindua Japani mwaka wa 1994, herufi R-A-V zilisimamia maneno yanayomaanisha gari la burudani na shughuli, na 4 ni zile gurudumu nne zinazovutwa na injini. Lilitengenezewa mtu wa kwenda kambi Jumamosi na kurudi nyumbani Jumapili. Mimi nimekosa tu ile sehemu ya Jumapili.

Sasa, lile tangazo lilinikaa kooni. Nikafanya kile nilichokuwa nikilipwa kukifanyia wengine: nikaenda kutafuta. Nilitaka kujua sentensi kama hiyo hutoka wapi, na huwa inaandikiwa nani.

Nilianzia Marekani, kwa sababu huko ndiko gari lilimfikia mtu wa kawaida mapema. Kati ya 1908 na 1927 kampuni ya Ford iliunda zaidi ya magari milioni 15 ya Model T. Mara tu watu walipoyapata, wakaanza kulala ndani yake na kando yake. Mwaka wa 1919, kule Tampa, Florida, wasafiri wa aina hii walikutana katika bustani ya De Soto wakaunda chama, wakajiita Tin Can Tourists, yaani watalii wa mikebe. Miji iliwapenda. Miji mingi ilifungua viwanja vya bure ambapo mgeni angeegesha, apike, alale, kisha asubuhi anunue petroli na mkate kwa maduka ya hapo.

Halafu magari yakashuka bei, na watu wasio na pesa ya kununua mkate nao wakaanza kuingia katika viwanja hivyo. Kufikia katikati ya miaka ya 1920, miji mingi ilikuwa imeanza kutoza ada na kuweka kikomo cha siku za kukaa. Hakukuwa na haja ya kuandika kwamba maskini hawatakiwi. Bei iliwaambia.

Miaka ya 1930 ukame na madeni vilipiga mashamba ya Oklahoma, Texas na Arkansas. Familia nzima zilipakia godoro juu ya gari kuukuu na kuelekea California kutafuta vibarua. Gari lilikuwa la aina ile ile ya watalii wa Tampa, barabara ni zile zile, na usingizi ni ule ule wa shingo kupinda. Lakini Februari 1936 mkuu wa polisi wa Los Angeles, James E. Davis, aliwatuma askari wake 136 hadi mipaka ya jimbo zima, mbali kabisa na mji wake, wawarudishe watu walioonekana hawana kitu. Fikiria kanjo wa Nairobi wakiweka kizuizi pale Namanga. Ndivyo ilivyokuwa.

California pia ilikuwa na sheria iliyofanya iwe kosa kumleta maskini ndani ya jimbo. Desemba 1939, mwanamume aitwaye Fred Edwards aliendesha gari hadi Texas kumchukua shemeji yake, Frank Duncan, ambaye hakuwa na kazi, akamleta kwake. Alishtakiwa na kupewa kifungo cha miezi sita kilichoahirishwa. Kosa lake ni kumpa shemeji lifti. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na Novemba 1941 majaji wakaifuta hiyo sheria.

Lakini kuna waliolala garini na pesa ziko mfukoni. Dereva Mweusi angeweza kuwa na mshahara, gari safi na mke aliyevaa vizuri, na bado afukuzwe kwenye kila hoteli ya barabara nzima. Mwaka wa 1936, mwaka ule ule wa kizuizi cha Davis, Victor Hugo Green, mpeleka barua wa Harlem, alianza kuchapisha kitabu cha mwongozo kilichotaja mahali ambapo Mweusi angelala bila kufedheheshwa. Ambapo hapakuwa na mahali, kitanda kilikuwa kiti cha nyuma. Martin Luther King, katika barua aliyoandika akiwa jela ya Birmingham Aprili 1963, alihesabu kulala garini, kwa sababu moteli zimekukataa, kati ya vitu vilivyowachosha watu wake kungoja haki. Ilichukua sheria ya mwaka wa 1964 kuyafungua yale malango.

Kufikia hapo nilidhani Nairobi haitakuwa na chochote cha kunipa. Mwafrika wa Nairobi ya mkoloni angetoa wapi gari la kulala? Kumbe nilikuwa nauliza swali vibaya. Si lazima gari liwe lako.

Ripoti rasmi za miaka ya 1940 kuhusu makazi ya Waafrika Nairobi zinataja mahali walipokuwa wakilala: kwenye baraza za maduka ya River Road, kwenye vibanda vya kinamasini, ndani ya mabasi yaliyoegeshwa kando ya barabara, na Pumwani, ambako chumba kimoja kingeweza kubeba watu 14. Nilisoma hiyo sehemu ya mabasi mara tatu. River Road na yadi yetu ni mwendo mfupi wa miguu. Nilinyanyua leso nikatazama nje. Matatu kumi na moja zilikuwa zimejipanga, na kwenye kiti cha nyuma cha iliyo karibu nami makanga mmoja alikuwa amelala na viatu.

Hao watu wa mabasi hawakuwa wavivu wala wageni. Wengi walikuwa na kazi. Walibeba mizigo, walifagia ofisi, walipikia wazungu. Shida ni kwamba serikali ya mkoloni iliwahesabu kama mikono iliyokuja kufanya kazi, si watu waliokuja kuishi. Mshahara ulipigwa hesabu ya mwanamume mmoja asiye na familia, kwa sababu familia ilitakiwa ibaki risavu. Mwanamume alivaa kipande shingoni ndani ya kikasha cha chuma, ili askari yeyote ajue ameajiriwa na nani. Pumwani ilitengwa rasmi kuwa mtaa wa Waafrika mwanzoni mwa miaka ya 1920, kisha jiji likaendelea kukua na vyumba havikufuata. Hata pale palipojengwa, mara nyingi ulichopewa hakikuwa nyumba, kilikuwa nafasi ya kitanda.

Na ukikosa hata hiyo nafasi? Hapo ndipo sheria za uzururaji zilikungoja. Mtu asiye na kazi ya kuonyesha wala makao ya kutaja angeshikwa na kurudishwa alikotoka. Jiji lilikunyima nyumba, kisha likakushtaki kwa kukosa nyumba. Tulipata uhuru 1963, bendera ikapanda, na hiyo sheria ikabaki. Ilifutwa 1997, kwenye mageuzi ya kabla ya uchaguzi wa mwaka huo. Hiyo ni miaka 34 ya Mkenya huru kuweza kukamatwa kwa kosa la kukosa pa kwenda. Wasee wa umri wa mjomba wangu wanaikumbuka vizuri. Walitembea usiku mkono ukiwa juu ya kitambulisho.

Usidhani ni mambo ya zamani. Los Angeles ilikataza watu kuishi ndani ya magari mwaka wa 1983, na ni 2014 tu ambapo mahakama ya rufaa iliibatilisha, ikisema sheria ni ya kiholela na haimwelezi mtu ni lini hasa anavunja. Mwenye gari la kifahari aliyerudi kutoka kambi na blanketi nyuma alikuwa na vitu vile vile na maskini. Kisha Juni 2024, kwenye kesi ya mji mdogo wa Grants Pass, Oregon, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema miji inaweza kuwaadhibu watu wanaolala mahali pa umma. Na katikati ya hayo yote, tangu 2011 picha za vijana warembo waliofungua mlango wa nyuma wa gari wakitazama bahari zimejaa mitandaoni, na watu wanaziita uhuru. Hapa hapa Nairobi unaweza kukodi gari lenye hema juu ya paa, uende Mara, ulale ndani ya gari kwa pesa ambayo ingenilipia kodi miezi mingi. Getini kule hakuna karatasi ya selotepu.

Kwa hivyo nadhani nimejua lile tangazo linaandikiwa nani. Halimwandikii anayelala. Linamwandikia asiye na mahali pengine pa kulala.

Jumatatu usiku soja wa yadi alikuja. Ni mzee wa koti refu na kofia ya sufi. Hatua zake nazijua. Zilisimama.

"Kijana."

"Naam, mzee."

"Umeona ile karatasi?"

"Nimeiona."

Makanga alikuwa ametoa kichwa kwa dirisha la matatu. "Na mimi je, mzee? Mimi nikilala kwa mathree ya kazi, hiyo ni kulala ama ni shifti?"

Mzee hakumjibu. Nikamwambia habari ya watu wa mabasi, River Road, miaka ya 1940. Alisikiza hadi mwisho, tochi ikiangalia chini.

"Walikuwa wanalipa ngapi?"

Sikuwa na jibu. Yeye mwenyewe analala kwa kiti cha plastiki kando ya geti, na hicho kiti hakijatajwa kwenye tangazo.

"Mimi nimeambiwa niangalie kama kuna mtu amelala ndani ya gari," alisema hatimaye. "Mwenye yadi anakuja Ijumaa. Mpaka hapo wewe usilale. Si huwa unaandika? Andika."

Basi naandika. Ni usiku wa Alhamisi, saa tisa na dakika kumi, simu imebaki asilimia 14. Amepita mara mbili. Kila mara anamulika, anaona mwanga wa simu usoni mwangu, anasema "sawa", na kwenda zake.