Vumbi la Makaa na Hikima ya Povu

Katika machimbo ya makaa ya mawe ya Ulaya na Marekani, vumbi lilihesabiwa kwa muda mrefu kuwa taka tupu: mnunuzi alitaka mabonge, yawakayo tanurini pasipo kuziba hewa, na kila kilichopenya matundu ya chekeche kilimwagwa nje, hata milima myeusi ikasimama juu ya miji ya Pennsylvania na mabonde ya Wales. Kuyasafisha mabonge yenyewe hakukuwa na taabu kubwa, maadamu jiwe huyazidi makaa uzito karibu mara mbili. Mashine ya Fritz Baum, Mjerumani, iliyoanza mwaka 1892 kuyatikisa maji kwa nguvu ya hewa, iliyainua makaa na kuyashusha mawe kama mama apetavyo mchele katika ungo. Lakini chembe isiyofika nusu milimita haitii amri ya uzito. Ya makaa na ya jiwe huelea pamoja, na ungo ukashindwa.

Dawa ilitoka upande usiotazamiwa, mji wa Dresden, ambako ndugu wawili wa nasaba ya Bessel walipewa mwaka 1877 hati ya serikali ya kulinda ufundi wao wa kusafisha grafiti kwa mafuta na maji yachemkayo. Siri yake ni kwamba makaa, kama grafiti, yana tabia ya kuyakataa maji na kuyapokea mafuta, ilhali udongo na jiwe hupenda maji. Basi mafuta machache yakikorogwa katika tope jeusi, na hewa ikapulizwa, chembe za makaa hushikamana na mapovu, zikapanda, povu likaenguliwa, na udongo ukabaki chini. Watu wa Broken Hill, Australia, ndio walioikuza hikima hiyo mwanzoni mwa karne ya ishirini kwa ajili ya risasi na zinki; wachimbaji wa makaa, hususan wale wa makaa ya kuokea koki ya viwanda vya chuma, wakaiazima baadaye.

Waholanzi wa Limburg walishika njia nyingine. Migodi ya serikali yao ilikuwa ikitenga makaa katika maji yaliyotiwa udongo laini ili yawe mazito, na ili kuurejesha udongo huo wakatumia chombo cha umbo la koni, kiitwacho saikloni, kizungushacho maji kwa kasi; ndipo wakatambua kwamba chombo hicho hicho chaweza kutenga makaa na mawe, kwani kizito husukumwa ukutani kikateremka, na chepesi huponyokea katikati kikatoka juu. Udongo ukaja kupisha unga mweusi wa madini ya chuma, ambao sumaku huuokota tena; na huu, kwa maoni yangu, ndio ustadi ulio bora kupita yote.

Hata hivyo taka haikutoweka, bali iligeuka tope na maji meusi, ambayo sharti yahifadhiwe mahali. Tarehe 26 Februari 1972, huko Buffalo Creek, West Virginia, bwawa lililojengwa kwa taka za makaa ili kuzuia maji ya mtambo wa kuoshea lilipasuka, likaua watu 125. Wenye mgodi walisema ni kazi ya Mungu. Tume iliyoundwa na gavana haikukubali.